Likizo Isiwe Kaburi la Vipaji vya Watoto Wetu

Kila mwaka unapokaribia kwisha, shule zetu hufungwa kwa likizo iliyo ndefu kuliko zote. Ripoti hugawiwa, wazazi huarifiwa, na mwalimu wa zamu huifunga stoo kwa kufuli. Humo ndani hubaki mipira, magodoro ya kurukia, tufe na mikuki, na kwa muda wa wiki tano au zaidi hakuna anayevigusa ila panya. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba mtu akiihoji huonekana mgomvi. Hata hivyo hapana budi ihojiwe, kwa kuwa gharama yake inalipwa na watoto, na watoto hawana kikao cha kupeleka malalamiko yao.

Mkoa wa Tabora unao wajibu wa pekee wa kulisema jambo hili. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa. Walikuja watoto wa shule za msingi na za sekondari kutoka mikoa yote, na wakazi wa mji wakashuhudia kwa macho yao jinsi taifa hili lilivyojaliwa vijana wepesi wa mguu na wenye moyo wa kushindana. Viongozi walihutubia, na hotuba zilikuwa nzuri. Kisha Desemba ikafika, shule zikafungwa kama kawaida, na hakuna aliyeuliza wale watoto waliopigiwa makofi wangefanya nini hadi Januari.

Tuchukue mchezo mmoja uwe kielelezo, nao ni jimnastiki, ambao shuleni tumezoea kuuita viungo au sarakasi, na ambao wananchi wengi wanaujua kwa sura ya halaiki katika siku za sherehe. Tumeuchagua kwa makusudi, maana hauna huruma hata kidogo kwa mwili uliolala. Mchezaji wa mpira aliyelegea atachelewa kufika penye mpira, na watazamaji watamzomea, basi. Mtoto anayepinduka hewani akiwa amelegea ataangukia shingo.

Wataalamu wa mwili wamelichunguza suala la kuacha mazoezi kwa miaka mingi, na mambo ya msingi hayana ubishi tena. Kitu cha kwanza kupungua ni pumzi. Katika wiki mbili za mwanzo majimaji ya damu hupungua, moyo husukuma damu kidogo zaidi katika kila pigo, na ikifika wiki ya nne mchezaji mwenyewe hujiona anahema kwa kazi iliyokuwa nyepesi kwake. Nguvu za misuli hudumu kidogo zaidi, pengine wiki tatu au nne, ndipo nazo zianze kushuka. Ulaini wa viungo, ambao mtoto ameupata kwa miezi ya kujinyoosha kila siku, huondoka kimyakimya bila mwenyewe kuhisi. Kinachobaki muda mrefu kuliko vyote ni ufundi. Aliyejifunza kuendesha baiskeli hasahau, na aliyejifunza kupinduka kinyumenyume hasahau pia.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wakuu wengi wa shule hawaioni. Mtoto wa miaka 12 anarudi shuleni Januari. Akilini mwake lile pinduko lipo vilevile, kila hatua yake anaikumbuka, na mbele ya wenzake anataka kuonyesha kwamba hajasahau. Mwili wake lakini si ule wa Novemba. Bega lililokuwa likimbeba anaposimama kwa mikono limepungukiwa nguvu, na kifundo cha mguu kilichozoea kupokea kishindo cha kutua kimekaa wiki sita kikitembea kwenye njia ya kisimani. Akili inaamuru, nao mwili hauna cha kutoa. Mwalimu yeyote aliyesimamia viungo anajua kwamba mtoto anayemtia hofu zaidi siku ya kwanza ya muhula ni yule hodari, kwa sababu yule asiyejua kitu hatathubutu.

Zaidi ya hayo, mtoto anakua. Wasichana wengi huanza kurefuka kwa kasi wakiwa na umri wa miaka 11 hivi, wavulana wakachelewa kwa mwaka mmoja au miwili. Katika kipindi cha kasi hiyo mtoto anaweza kuongezeka sentimita 8 kwa mwaka au hata kupita hapo, maana yake ni karibu sentimita moja nzima katika likizo moja ya Desemba. Anayefanya mazoezi kila wiki huuzoea mwili wake mpya kidogo kidogo. Aliyekaa wiki sita anarudi na mguu mrefu zaidi na uzito mwingine, na mifupa iliyotangulia kurefuka kabla ya misuli, huku anajaribu kupinduka kwa vipimo vya mwili ambao hanao tena. Sehemu laini ambamo mifupa hukulia, pale kwenye vifundo vya mikono, kwenye magoti na visigino, ndizo zinazopokea adhabu.

Sasa wapo wenzetu watakaosema: mwacheni mtoto apumzike. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na haitupasi kuibeza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba kijana apumzike na mchezo wake mmoja kwa jumla ya miezi mitatu kila mwaka, tena kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja, na kwamba kila wiki awe na siku moja au mbili za kupumua. Ushauri huo umetokana na watoto wengi wa huko walioumia kwa kurudia mchezo ule ule mwaka mzima, chini ya makocha wa kulipwa na wazazi wenye tamaa. Lakini madaktari hao hao wanasema kijana aliyepumzika na mchezo wake aendelee na shughuli nyingine za kuushughulisha mwili. Kupumzika na mchezo ni jambo moja, kuulaza mwili ni jambo jingine kabisa, na kwetu maneno hayo mawili yamechanganywa kwa uvivu wa kufikiri.

Wapo pia wanaosema kwamba mtoto wa Tabora halali likizoni, analima. Hoja hii ni nzito zaidi na inastahili jibu la heshima. Mvua za mkoa huu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Desemba ndio mwezi wa kupandikiza tumbaku na kupalilia mahindi, na kaya ya mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge haiwezi kumwacha kijana akae kivulini eti ni mwanamichezo. Nani atamkatalia mkulima huyo? Mtoto aende shambani, tena aende kwa fahari, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikutaka shule iwatenge watoto na kazi za wazazi wao. Ila tusijidanganye kwamba jembe ni mazoezi ya kila kitu. Jembe hujenga mgongo, mkono na uvumilivu. Halimfundishi mtoto kutua juu ya miguu yake, na kwa yule anayeinama kutwa nzima hufunga bega badala ya kulifungua. Mtoto anayelima asubuhi anahitaji nusu saa ya kujinyoosha na kuruka jioni, mara mbili au tatu kwa wiki. Shamba halitakufa kwa nusu saa hiyo.

Kwa hakika ardhi hii iliyajua mambo haya kabla ya kuwapo Wizara wala Afisa Michezo. Tabora, ambayo wasafiri wa kale waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwingineko. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, kwa mwendo wa miezi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, na hawakuiona Kazeh hadi Novemba. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa ya mwaka 1872 akiwangojea tu watu wa kumbebea mizigo waliotumwa na Stanley kutoka pwani, na tembe alilokaa sasa ni makumbusho. Hatusemi haya kuutukuza ukatili wa biashara ya pembe na watumwa, maana njia hiyo ilizikwa watu wengi kando yake. Tunasema kwamba kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya mwili yenye kanuni, na kanuni zake zinatuaibisha.

Kwanza, upagazi ulikuwa na msimu wake. Vijana wengi wa Unyamwezi waliteremka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurejea kabla ya mvua za kulimia. Likizo walikuwa nayo, tena ndefu kuliko ya wanafunzi wetu, lakini haikuwa likizo ya kulala. Pili, hawakuanza ukubwani. Burton aliandika kwamba watoto wa huku walianza mapema kubebeshwa vipande vidogo vya pembe ili bega lizoee. Tatu, msafara haukuanza kwa mwendo mrefu. Kambi ya kwanza iliwekwa karibu, ili waliochelewa wakusanyike na mizigo ipangwe upya, na mwendo uliongezwa baadaye. Mwanafunzi wetu, baada ya wiki sita, hupangiwa kukimbia mita 1,500 kwa saa ya mkononi katika juma la kwanza la muhula ili achaguliwe katika timu ya shule! Mkuu wa msafara aliyefanya hivyo angefika Ugogo akiwa na mizigo mingi na wapagazi wachache.

Kosa la pili linatokana na la kwanza, nalo ni kambi ya dharura. Mwalimu aliyepoteza Desemba, kisha akatumia Januari na Februari kurudisha kilichopotea, anajikuta mashindano ya wilaya yamemfikia kabla hajajenga kitu kipya. Hapo ndipo watoto hukusanywa, mazoezi yakawa asubuhi na jioni, na kila mtu akataka kurudisha miezi katika siku kumi na nne. Mwili wa mtoto haukubali maazimio ya namna hiyo. Wanaovunjika kambini huandikwa kuwa majeruhi wa bahati mbaya, na kadiri makosa ya mpango wa mwaka yanavyoitwa bahati mbaya, ndivyo yatakavyorudiwa.

Tusiende upande wa pili tukazama huko. Nadia Comaneci wa Romania alipopata alama 10 kamili mjini Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, dunia nzima ilishangilia, na nchi nyingi zikaamini kwamba siri ni kuwafungia watoto katika vituo vya mazoezi na kuwanyima utoto wao. Baadaye yamesemwa mengi ya kuhuzunisha juu ya vituo hivyo. Simone Biles wa Marekani alisimama kushindana kwa takriban miaka miwili baada ya michezo ya Tokyo ya mwaka 2021, akarudi mwaka 2023, na mwaka uliofuata huko Paris akachukua medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Je, mfano huo unaivunja hoja yetu? Haiivunji. Yule alikuwa mtu mzima mwenye mwalimu wake, ukumbi wake na madaktari wake, na alirudi ngazi kwa ngazi. Mtoto wa Nzega hana hata kimoja kati ya hivyo. Anacho kiwanja cha shule tu, nacho tumekifunga.

Na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yetu. Kwa mtoto wa mfanyakazi na mkulima, shule ndiyo klabu yake, ndiyo ukumbi wake, na mwalimu wa michezo ndiye kocha wake pekee. Lango la shule likifungwa, mchezo wake umefungwa. Mtoto wa mwenye nacho katika miji mikubwa hana shida hiyo, maana likizo kwake ni wakati wa kupelekwa kuogelea au kufundishwa sarakasi kwa ada. Kwa hiyo likizo ambayo kwenye kalenda ni sawa kwa wote haiko sawa hata kidogo. Kila Januari mmoja anaanzia pale alipoishia, na mwingine anaanza upya. Mambo haya yakiendelea miaka saba ya shule ya msingi tutasema yule wa kwanza ana kipaji na yule wa pili hana. Nchi iliyochukia matabaka tangu Azimio la Arusha haipaswi kuyazalisha kwa kufuli la stoo.

Wasiosadiki na waangalie wanamichezo walioliletea taifa heshima walitokea wapi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa askari. Alphonce Simbu, aliyetupatia medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo Septemba 2025, naye ni askari. Twasema hivi kwa heshima kubwa kwa Jeshi letu, lakini swali linabaki: kwa nini jeshini? Sababu ziko nyingi, na mojawapo ni nyepesi mno hata watu huipita bila kuitazama. Jeshini mazoezi hayafungwi Desemba. Kijana aliyebahatika kuvuka kutoka shule hadi jeshini alikuta mwaka wenye miezi 12, kumbe shuleni alikuwa na mwaka wa vipande. Medali zetu za Olimpiki hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 zilikuwa bado ni zile mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui. Tangu wakati huo watoto wangapi wenye miguu kama ya watu hao wamemaliza darasa la saba bila yeyote kujua?

Tuseme kweli pia kwamba si Desemba peke yake iliyoikata kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ya shule ilisimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa madai kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Mwaka 2016 mashindano yaliahirishwa tena ili fedha zielekezwe kwenye madawati, na madawati yalihitajika, hilo halina ubishi. Mwaka 2020 shule zilifungwa tangu Machi 17 kwa sababu ya UVIKO-19, na wanafunzi wa madarasa mengi hawakurejea hadi Juni 29. Kila tukio lina sababu yake. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 12 katika mwaka wa kusimamishwa hatakuwa na miaka 12 tena mwaka michezo itakaporudishwa. Dawati likichelewa mwaka mmoja hutengenezwa mwaka unaofuata. Umri hautengenezwi.

Nini kifanyike? Hatuombi likizo ifutwe, wala hatuombi walimu wanyimwe haki yao ya kupumzika. Mwalimu amechoka kuliko mwanafunzi, na wanaomtaka ajitolee mwaka mzima huku wao wakienda kwao na gari la ofisi wanapaswa kuona haya. Tunaomba mambo madogo yanayowezekana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1981 ulionyesha kwamba watu wazima waliokuwa wakifanya mazoezi siku sita kwa wiki walipopunguziwa hadi siku mbili, bila kulegeza ukali wa zoezi lenyewe, pumzi yao haikushuka kwa wiki 15. Watoto si watu wazima, na hatutalazimisha ulinganifu, lakini funzo linatosha kupanga kazi: siku mbili au tatu za dakika 40 hulinda sehemu kubwa ya kile ambacho wiki sita za ukimya hukibomoa. Kukimbia, kuruka kamba, kusimama kwa mikono ukutani, kujinyoosha. Pinduko la hewani lingoje mwalimu.

Kata moja ina shule kadhaa na walimu wengi. Si lazima kila shule ifunguliwe. Kiwanja kimoja kwa kata, mwalimu mmoja kwa zamu ya wiki moja, na posho ndogo inayotoka katika fungu la michezo ambalo sasa hutumika karibu lote kwa nauli na chakula cha mashindano. Mzazi apewe karatasi moja pamoja na ripoti, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, imwambie mtoto wake afanye nini nyumbani na asifanye nini. Januari, wiki mbili za kwanza ziwe za kuupasha mwili, pasiwe na mchujo wala saa ya mkononi, na katika viungo mtoto aanzie chini, kwenye kubingirika, hata kama Novemba alikuwa bingwa wa mkoa. Maafisa Michezo wa wilaya, ambao ripoti zao za mwaka husheheni vikombe na picha, waandike humo pia idadi ya watoto walioumia kati ya Januari na Machi.

Ofisi za elimu zitasema hakuna fungu. Fungu la mwanzo linalohitajika ni ufunguo wa stoo, na ufunguo huo hivi sasa uko kwenye droo ya mkuu wa shule. Vikao vya kupanga kalenda na bajeti za mwaka ujao vinapofanyika, madiwani na wajumbe wa kamati za shule wa mkoa huu waulize jambo moja tu, na wasikubali kuondoka kabla halijajibiwa: Desemba ijayo, ufunguo wa stoo ya michezo katika kila kata atakuwa nao nani, na kwa siku zipi?